Sura ya Kumi na Moja: Kanuni Isiyo na Jina

1. Utangulizi

Katika sura iliyopita ulijifunza kwamba kompyuta haifikiri. Hufuata maagizo iliyopewa, moja baada ya jingine, kwa upesi mkubwa. Maagizo hayo yakipangwa pamoja huitwa programu. Katika sura hii utajifunza jinsi tunavyoipa kompyuta kanuni ya kuchagulia vitu. Utajifunza pia kwa nini kanuni nyingine hupewa jina na nyingine hutumika bila jina.

Fikiri kwanza juu ya kazi ya kuchambua maharagwe nyumbani. Mama humwambia mtoto wake, "Chambua maharagwe haya, uyatoe yaliyotobolewa na wadudu." Katika agizo hili mna mambo mawili. Jambo la kwanza ni neno *chambua*. Neno hili ni jina la kazi ambayo mtoto anaijua tangu zamani: kumwaga maharagwe katika ungo, kuyatazama moja moja, na kuyatenga. Mama hana haja ya kueleza hatua hizo kila siku. Jina la kazi linatosha.

Jambo la pili ni kanuni ya kuchambulia: *yaliyotobolewa na wadudu*. Kanuni hii haina jina. Mama ameitoa papo hapo, kwa kazi ya leo tu. Kesho huenda akasema, "Chambua maharagwe haya, uniwekee makubwa kwa ajili ya mbegu." Kazi itakuwa ile ile ya kuchambua, lakini kanuni itakuwa nyingine.

Basi kumbuka tangu sasa: kazi na kanuni ni vitu viwili. Kazi inaweza kubaki ile ile huku kanuni ikibadilika.

2. Migomba ya Bukoba na Muleba

Ili tuelewe jambo hili vizuri, tutatumia mfano wa migomba ya mkoa wa Kagera.

Ukisafiri kwa barabara kutoka mjini Bukoba kuelekea kusini, ukapita Kemondo na Muhutwe hadi Muleba, utaona migomba pande zote mbili za njia. Upande wa mashariki liko Ziwa Viktoria. Nyumba nyingi za vijijini zimezungukwa na shamba ambalo wenyeji huliita kibanja. Katika kibanja migomba hupandwa pamoja na mibuni na maharagwe. Ndizi za kupika ndizo chakula kikuu cha Wahaya. Kwa hiyo mgomba ukifa, chakula cha jamaa nzima hupungua.

Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa migomba uliripotiwa nchini Uganda. Mwaka 2006 uligunduliwa Tanzania, katika wilaya ya Muleba. Wakulima wengi wa Kagera huuita unyanjano. Ugonjwa huu huletwa na bakteria, yaani viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Dalili zake ni hizi:

(a) Majani hugeuka rangi ya manjano na kunyauka.
(b) Ua dume, lililo chini ya mkungu, hunyauka na kukauka.
(c) Ndizi huiva kabla ya wakati wake, na zikikatwa huonekana zimeoza na kuwa za kahawia kwa ndani.
(d) Shina likikatwa hutoa ute wa rangi ya manjano.

Hakuna dawa ya kuuponya mgomba uliokwisha kuambukizwa. Tena bakteria hao husafiri. Wadudu wanaotembelea ua dume huwachukua kutoka mgomba mmoja hadi mwingine. Panga lililokata shina lenye ugonjwa huwapeleka kwenye shina zima. Machipukizi yanayochukuliwa kutoka kibanja chenye ugonjwa huwapeleka katika kibanja kipya. Kwa sababu hiyo shina moja tu lenye ugonjwa linatosha kuhatarisha kibanja kizima, na hata vibanja vya majirani.

Tuseme wanafunzi wa darasa la tano wa shule moja iliyo kati ya Bukoba na Muleba wametembelea vibanja sita pamoja na mwalimu wao na afisa kilimo. Katika kila kibanja wamehesabu mashina yenye dalili za mnyauko. Wameandika kama ifuatavyo:

Jedwali la 1: Mashina yenye dalili

Kibanja cha 1: mashina 0
Kibanja cha 2: mashina 3
Kibanja cha 3: shina 1
Kibanja cha 4: mashina 0
Kibanja cha 5: mashina 7
Kibanja cha 6: mashina 0

Tarakimu hizi ni za kujifunzia. Sasa wanafunzi wanataka kujua ni vibanja vipi ambavyo afisa kilimo avirudie. Kwa vibanja sita tunaweza kutazama jedwali na kujibu mara moja. Lakini vibanja vya wilaya nzima vikiwa maelfu, kazi hiyo yafaa kupewa kompyuta.

3. Jaribio la 1: Mchambuzi na kanuni yake

Jaribio hili hufanywa bila kompyuta.

Vifaa: kadi sita za karatasi ngumu, vipande vidogo vya karatasi, na kikapu kimoja.

Hatua:

1. Andikeni kila kibanja cha Jedwali la 1 katika kadi yake, pamoja na idadi ya mashina yenye dalili.
2. Chagueni mwanafunzi mmoja awe Mchambuzi. Kazi yake ni hii: achukue kadi moja, aulize kanuni aliyopewa, na akijibiwa *ndiyo* aitie kadi hiyo kikapuni. Akijibiwa *hapana* aiweke kando. Kisha achukue kadi inayofuata, mpaka kadi zote ziishe.
3. Mwanafunzi wa pili aandike katika kipande cha karatasi maneno haya: *Je, idadi ni zaidi ya 0?* Asiandike kichwa cha habari wala jina lolote. Ampe Mchambuzi karatasi hiyo.
4. Mchambuzi afanye kazi yake. Andikeni kadi zilizoingia kikapuni.
5. Rudisheni kadi zote mezani. Ile karatasi itupeni. Andikeni karatasi nyingine yenye maneno haya: *Je, idadi ni zaidi ya 5?* Mchambuzi arudie kazi yake.

Mmeona nini? Mara ya kwanza ziliingia kikapuni kadi za vibanja vya 2, 3 na 5. Mara ya pili iliingia kadi ya kibanja cha 5 peke yake. Mchambuzi hakubadilisha namna yake ya kufanya kazi hata kidogo. Kilichobadilika ni karatasi ya kanuni.

Tena angalieni jambo jingine. Karatasi haikuwa na jina, na Mchambuzi hakuhitaji jina. Aliipokea mkononi, akaitumia kwa kadi zote sita, kisha ikatupwa.

4. Fanksheni

Katika lugha za kompyuta, fungu la maagizo linalopokea kitu, likakifanyia kazi na kurudisha jibu huitwa fanksheni. Karatasi ya kanuni mliyoitumia ni mfano wa fanksheni. Inapokea idadi na kurudisha jibu. Tazama jinsi kanuni ya *zaidi ya 0* inavyojibu:

Ikipokea 0, hurudisha hapana.
Ikipokea 3, hurudisha ndiyo.
Ikipokea 1, hurudisha ndiyo.
Ikipokea 7, hurudisha ndiyo.

Fanksheni nzuri ya namna hii ikipewa kitu kile kile hurudisha jibu lile lile kila mara, hata ikiulizwa mara mia moja.

Kazi ya Mchambuzi nayo ni fanksheni. Lakini ni fanksheni ya pekee, kwa sababu mojawapo ya vitu inavyopokea ni fanksheni nyingine, yaani kanuni. Mchambuzi bila kanuni hawezi kuanza kazi. Kanuni bila Mchambuzi inabaki karatasi tupu juu ya meza.

5. Kuandika kanuni katika lugha ya skripti

Programu huandikwa kwa lugha maalumu. Baadhi ya lugha hizo huitwa lugha za skripti. Programu iliyoandikwa kwa lugha ya skripti husomwa na programu nyingine inayoitwa mfasiri. Mfasiri huyasoma maagizo na kuyatekeleza papo hapo. Kwa hiyo mtu anaweza kuandika mistari michache, akaona jibu mara moja, akasahihisha na kujaribu tena. Python na JavaScript ni lugha za namna hii.

Hapa tutatumia Python. Ili kurahisisha kazi, tutaandika idadi za mashina peke yake, kwa mpangilio wa vibanja:

    mashina = [0, 3, 1, 0, 7, 0]
    jibu = list(filter(lambda idadi: idadi > 0, mashina))
    print(jibu)

Kompyuta itaandika:

    [3, 1, 7]

Sasa tuieleze programu hii sehemu kwa sehemu.

*mashina* ni jina tulilolipa orodha yetu ya tarakimu sita. Ni sawa na kadi zilizo mezani.

*filter* ndiye Mchambuzi. Lugha ya Python huja naye tayari. Hatuna haja ya kumfundisha kazi.

*lambda idadi: idadi > 0* ndiyo karatasi ya kanuni. Neno *lambda*, ambalo hutamkwa lamda, huiambia kompyuta, "Kinachofuata ni fanksheni isiyo na jina." Neno *idadi* si jina la fanksheni. Ni jina la muda la kile kitu kinachopokelewa. Baada ya nukta mbili huja swali lenyewe. Alama > maana yake ni *kubwa kuliko*. Kwa hiyo kanuni nzima husomeka hivi: "Ukipokea idadi, sema kama idadi hiyo ni kubwa kuliko 0."

*list* huagiza yaliyochaguliwa yapangwe katika orodha, na *print* huagiza jibu lionyeshwe.

Tukitaka vibanja vyenye mashina zaidi ya 5, tutabadilisha kanuni tu:

    jibu = list(filter(lambda idadi: idadi > 5, mashina))

Sasa jibu ni [7]. Kama mlivyoona katika Jaribio la 1, Mchambuzi ni yule yule.

Jihadhari na jambo moja ambalo huwachanganya wengi. Tunapompa Mchambuzi kanuni, hatumpi jibu. Tunampa swali ambalo yeye mwenyewe ataliuliza mara sita, mara moja kwa kila tarakimu. Kumpa mtu karatasi ya maswali si sawa na kumpa majibu yake.

6. Kanuni yenye jina

Kanuni ile ile yaweza kupewa jina. Katika Python huandikwa hivi:

    def una_ugonjwa(idadi):
        return idadi > 0

    jibu = list(filter(una_ugonjwa, mashina))

Neno *def* huiambia kompyuta kwamba tunaeleza fanksheni mpya. *una_ugonjwa* ndilo jina lake. Neno *return* maana yake ni *rudisha*. Jibu litakuwa [3, 1, 7], sawasawa na lile la kwanza. Tazama kwamba ndani ya *filter* tumeandika jina peke yake, bila kuweka mabano baada yake. Tukiliandika jina na mabano yake, tutakuwa tumeiagiza fanksheni itoe jibu sasa hivi, hali Mchambuzi anaitaka kanuni yenyewe.

Basi utauliza: ikiwa jibu ni moja, kuna tofauti gani kati ya kanuni yenye jina na kanuni isiyo na jina? Jaribio lifuatalo litakuonyesha.

7. Jaribio la 2: Kanuni inapobadilika

Vifaa: kadi za Jaribio la 1, vipande vya karatasi, ubao na chaki.

Sehemu ya kwanza:

1. Gawanyikeni katika vikundi vitatu. Kikundi cha kwanza kitaandika orodha ya vibanja vya kutembelewa na afisa kilimo. Kikundi cha pili kitaandika taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji. Kikundi cha tatu kitaandika orodha ya wakulima wa kuonywa wasigawe machipukizi.
2. Kila kikundi kiandike karatasi yake ya kanuni isiyo na jina: *Je, idadi ni zaidi ya 2?* Kisha kila kikundi kichambue kadi na kuandika orodha yake.
3. Orodha zote tatu zitakuwa na vibanja vya 2 na 5.
4. Sasa mwalimu akumbuke kwamba hata shina moja lenye ugonjwa ni hatari. Aende kwa kikundi cha kwanza na cha pili awaambie waandike *zaidi ya 0*. Asikiambie kikundi cha tatu.
5. Vikundi vyote vichambue tena, kisha vilinganishe orodha.

Mmeona nini? Vikundi viwili vina vibanja vya 2, 3 na 5. Kikundi cha tatu bado kina vibanja vya 2 na 5 tu. Mkulima wa kibanja cha 3 hakuonywa. Ana shina moja lenye ugonjwa, wala hajui kwamba machipukizi yake ni hatari. Akimpa jirani machipukizi hayo ayapande, bakteria watakwenda pamoja nayo. Hakuna mwanafunzi aliyefanya kazi yake vibaya. Kosa lilitokana na kuandika kanuni moja mahali patatu, kisha kuibadilisha mahali pawili.

Sehemu ya pili:

1. Mwalimu aandike ubaoni: *UNA UGONJWA: Je, idadi ni zaidi ya 2?*
2. Kila kikundi kitupe karatasi yake ya zamani na kuandika mpya: *Tumia kanuni UNA UGONJWA iliyo ubaoni.*
3. Chambueni kadi. Kisha mwalimu afute tarakimu 2 ubaoni na kuandika 0. Chambueni tena.

Safari hii vikundi vyote vitatu vimepata vibanja vya 2, 3 na 5. Kanuni ilibadilishwa mahali pamoja tu, na kila aliyeitumia alipata mabadiliko hayo. Hiyo ndiyo faida ya jina. Jina huwawezesha watu wengi kuelekea kanuni moja.

8. Wakati wa kutumia jina na wakati wa kuliacha

Huenda sasa ukadhani kwamba kila kanuni yapaswa kupewa jina. Sivyo. Kama kila agizo dogo lingepewa jina, programu ingejaa majina yasiyotumika, na msomaji angechoka kuyatafuta. Mama hakuipa jina kanuni ya maharagwe yaliyotobolewa, wala hakukosea. Kanuni ilikuwa fupi, ilieleweka mara moja, na ilikuwa ya kazi ile tu.

Fanksheni isiyo na jina inafaa ikiwa:

(a) inatumika mahali pamoja tu;
(b) ni fupi, na mtu akiisoma anaielewa papo hapo;
(c) inatolewa kwa fanksheni nyingine, kama vile *filter*, ili itumike katika kazi hiyo.

Fanksheni yenye jina inafaa ikiwa:

(a) inatumika mahali pengi, au watu wengi wanaitegemea;
(b) ni ndefu. Katika Python, *lambda* hubeba usemi mmoja tu, wala haiwezi kubeba mfululizo wa maagizo;
(c) kosa lake laweza kuleta madhara. Kosa likitokea ndani ya fanksheni yenye jina, Python hutaja jina hilo, nasi tunajua pa kutazama. Likitokea ndani ya fanksheni isiyo na jina, Python huandika neno *lambda* tu. Zikiwapo nyingi za namna hiyo katika programu, kuitafuta iliyokosea huwa kazi.

Tunaweza kusema kwa kifupi: kanuni ya mara moja yaweza kukosa jina, lakini kanuni inayotegemewa na wengi sharti iwe na jina.

9. Fikra hii ilianzia wapi

Fikra ya fanksheni isiyo na jina ni ya zamani kuliko kompyuta za kielektroniki. Katika miaka ya 1930, mwanahisabati wa Marekani aliyeitwa Alonzo Church alibuni namna ya kuandika fanksheni bila kuzipa majina. Alitumia herufi ya Kigiriki iitwayo lamda kuwa alama yake. Mwaka 1958 John McCarthy, naye wa Marekani, alianza kutengeneza lugha ya kompyuta iitwayo Lisp, akaitumia fikra hiyo ndani yake.

Python ilitengenezwa na Guido van Rossum wa Uholanzi, na ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Toleo la 1.0 la mwaka 1994 lilikuwa na neno *lambda*. Mwaka 1995 Brendan Eich wa Marekani alitengeneza JavaScript, lugha inayotumika sana katika kurasa za intaneti. Tangu mwaka 2015 lugha hiyo ina namna fupi ya kuandika fanksheni isiyo na jina:

    idadi => idadi > 0

Linganisha mstari huu na ule wa Python. Neno *lambda* halimo, na mahali pa nukta mbili pamewekwa mshale. Maana ni ile ile.

10. Kompyuta na kibanja

Je, ni nani aliyechagua kanuni ya *zaidi ya 0*? Si kompyuta. Ni watu wanaoujua ugonjwa wa mnyauko. Kompyuta ingeifuata kanuni ya *zaidi ya 2* kwa uaminifu ule ule, na ingekiacha kibanja cha 3 bila kusita. Kwa hiyo anayeandika programu juu ya migomba sharti kwanza aijue migomba.

Wala kompyuta haiwezi kukata mgomba wenye ugonjwa. Kazi hiyo hubaki kwa watu. Wakulima wa Bukoba na Muleba hushauriwa kufanya yafuatayo:

(a) Kukagua kibanja mara kwa mara, na kukata mapema shina lenye ugonjwa usawa wa ardhi.
(b) Kusafisha panga kwa kulipitisha motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine.
(c) Kuondoa ua dume baada ya chane ya mwisho kutokea, kwa kulizungusha kwa kijiti chenye panda. Kijiti hutumika badala ya kisu ili bakteria wasibebwe na kisu.
(d) Kupanda machipukizi yanayotoka katika kibanja kisicho na ugonjwa.

Wewe mwanafunzi usikate mgomba bila ruhusa. Ukiona dalili, wajulishe wazazi wako au afisa kilimo wa kata.

11. Muhtasari

Fanksheni ni fungu la maagizo linalopokea kitu na kurudisha jibu. Fanksheni moja yaweza kupokea fanksheni nyingine, kama Mchambuzi anavyopokea kanuni. Fanksheni isiyo na jina huandikwa pale pale inapotumika. Katika Python huanza na neno *lambda*. Hufaa kwa kanuni fupi inayotumika mahali pamoja. Kanuni inayotumika mahali pengi hupewa jina, ili ikibadilika ibadilishwe mahali pamoja tu.

Maswali

1. Taja mambo mawili yaliyomo katika agizo hili: "Chuma buni, uchague nyekundu tu." Lipi kati ya hayo ni kazi, na lipi ni kanuni?

2. Kamilisha sentensi hizi katika daftari lako:
(a) Fanksheni hupokea kitu na kurudisha ______.
(b) Katika Python, fanksheni isiyo na jina huanza na neno ______.
(c) Katika mfano wetu, *filter* hufanya kazi ya ______.

3. Andika jibu ambalo kompyuta itatoa:

    mashina = [2, 0, 4, 1]
    print(list(filter(lambda idadi: idadi > 1, mashina)))

4. Sema kama ni kweli au si kweli. Ukisema si kweli, toa sababu.
(a) Fanksheni isiyo na jina haiwezi kurudisha jibu.
(b) Mchambuzi akibadilishiwa kanuni, sharti afundishwe kazi upya.
(c) Kanuni moja iliyoandikwa mahali patatu yaweza kusahauliwa mahali pamoja.

5. Katika Jaribio la 2, kwa nini mkulima wa kibanja cha 3 hakuonywa? Eleza jinsi kosa hilo lilivyozuiwa katika sehemu ya pili.

6. Shule inatumia kanuni ya *zaidi ya 0* katika programu nne. Je, ungeipa kanuni hiyo jina? Toa sababu zako.

7. Kazi ya kufanya nyumbani: Sikiliza maagizo unayopewa kwa siku moja. Andika matatu yenye kanuni isiyo na jina. Kisha taja moja ambalo hurudiwa kila siku, na ulipe jina.

8. Kazi ya kikundi: Mkiongozwa na mwalimu, tembeleeni shamba moja lililo karibu na shule. Chagueni dalili moja ya ugonjwa wa mmea mnaoufahamu. Hesabuni mimea yenye dalili hiyo, andikeni kadi, kisha tungeni kanuni mbili za kuchambulia kadi hizo. Jadilini ni ipi kati ya kanuni hizo yafaa kupewa jina.